Nilisema Amevuka Busisi

Mkosaji ni mimi. Naanza hivyo kabisa ili msije mkasoma nusu mkanionea huruma. Kuna nyumba Mkuyuni iliyoacha kumtafuta binti yao kwa sababu ya mdomo wangu, na mdomo wangu siku hiyo uliendeshwa na wivu.

Milembe alikuwa mtoto wa baba mdogo. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa minyaa. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na tisa. Ilikuwa ile miaka ya tisini viwanda vya sangara vinaota kando ya ziwa, minofu inakwenda Ulaya, na sisi tunapanga foleni nje ya geti kununua mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki. Hata kwenye foleni ile Milembe alikuwa na bahati. Mimi narudi na mifupa mitupu, yeye anarudi na vichwa vyenye nyama, na mama yangu mzazi ananiambia, "Umeona mwenzako?"

Umeona mwenzako! Nililishwa maneno hayo asubuhi na jioni. Mwenzako kapika, mwenzako kaamkia wageni vizuri. Mwenzako akiokota gauni mitumbani linamkaa kama lilishonwa kwa ajili yake. Mimi nikivaa la bei ileile naonekana nimeazima. Nilimchukia kwa vitu vidogo vidogo, hata alivyocheka.

Kilichonimaliza ni kwaya. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza nyimbo kwenye kwaya ya vijana. Ijumaa moja mwalimu wa kwaya akatutangazia kwamba tutarekodi kanda, na atakayeongoza ni Milembe. Nilipiga makofi pamoja na wengine huku roho inaniungua. Njiani akanishika mkono akasema, "Dada, nikamwambie mwalimu akurudishie? Sitaki tugombane."

Nilimwambia aniache na huruma yake. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Jumamosi alichukua ndoo akaenda kununua mapanki. Hakurudi.

Jioni baba mdogo alipita akiuliza nyumba kwa nyumba. Mimi nilijiaminisha kwamba Milembe amenuna tu kwa ajili yangu na amekwenda kulala kwa shangazi yetu Kiseke. Nikawaza: kesho atarudi, mzuri vilevile, ataongoza nyimbo zilezile. Nikataka arudi na doa. Doa dogo tu, la kutosha kwaya imweke pembeni.

"Nilimwona barabarani," nikasema. "Alipanda pikapu ya kivukoni, ya kuvukia Busisi. Kuna mwanaume alikuwa amembebea mfuko."

Kwa wasiotufahamu: kwetu Usukumani, binti akitoroshwa, baba mwenye heshima zake hakimbilii polisi. Anakaa nyumbani na hasira zake, anasubiri wazee wa upande wa mwanaume waje wakiri kosa na wazungumze ng'ombe. Kumfuata huko aliko ni kujidhalilisha. Baba mdogo alikuwa tayari na tochi mkononi, vijana wa jirani wamekusanyika waanzie kiwandani. Akawaambia warudi makwao. "Kama ni hivyo, watakuja wenyewe," akasema. Hakuna aliyeuliza mbona msichana anayetoroka abebe ndoo.

Jumapili shangazi wa Kiseke akaja kanisani, peke yake. Nilimwuliza kwa kuzungukazunguka kama Milembe amefika kwake, akanishangaa. Kumbe hakuwa kwake. Hapo ndipo ningesema! Nilikuwa nimeshageuka kumtafuta baba mdogo, mwalimu wa kwaya akaniita: basi, wewe ndiye utaongoza. Jamani, wivu ni ugonjwa. Nikameza ukweli wangu, nikasimama mbele, nikaimba. Na niliimba vizuri.

Baba mdogo aliazima mabenchi ya kanisa akayapanga uani kwa ajili ya wageni. Mvua ikayanyeshea, wageni hawakuja. Alipokubali kwenda polisi msimu mzima ulikuwa umepita. Walinzi wa kiwandani walishabadilishwa, na kwenye foleni hakuna aliyemkumbuka. Hadi leo hajulikani alipo, mzima au mfu. Hata ndoo haikuonekana.

Kanda ikatoka, sauti ni yangu. Nikiisikia dukani naacha nilichofuata naondoka.

Baada ya miaka kadhaa nikapata mchumba, mtu wa Geita. Wazee wake walipokuja kuniposa walikosea nyumba, wakabisha kwa baba mdogo. Walisema wametoka ng'ambo ya Busisi na wamekuja kwa habari ya binti. Mama mdogo akapiga vigelegele. Akatandika mkeka, akaleta maji ya kunawa, akawauliza, "Milembe hajambo? Ameshapata mtoto?"

Nilikuwa nachungulia kupitia minyaa. Niliyaona yote.

Siku ileile nilimpigia magoti baba mdogo nikamweleza. Nilitegemea fimbo. Akasema, "Ungeniambia Jumapili ile ningekuchapa, halafu tungekwenda kumtafuta." Nilipotaka kwenda kwa mama mdogo alinizuia. "Huyo mwache. Hana kingine alichobakiwa nacho."

Baba mdogo ameshafariki. Mama mdogo yupo, macho yamepungua nuru. Nikienda kumpa shikamoo yake hunishikashika uso, na nikiaga kurudi kwangu ng'ambo hunifungia karanga mafungu mawili, langu na la Milembe. "Ukikutana naye mwambie ng'ombe tumesamehe," husema. "Aje tu." Nami naitikia, nafika kivukoni, navuka na fungu lile, na sina wa kumpa.

Ninyi mnaosoma, sitawaambia msione wivu, maana hamtaweza. Ukikukaba, nuna. Lia. Mtukane huyo mwenzako usoni, mtapatana siku nyingine. Lakini mtoto wa mtu akitafutwa nawe hujamwona, sema hujamwona. Mimi nilikuwa na neno hilo moja tu la kusema, nikatafuta mengine.