Nilimwitikia Askari Marahaba

Naanza na kosa lenyewe, maana nikianza na utani mtacheka, na mkicheka nitajisahau tena. Nilimsaidia mtu mbaya kumvusha mshikaji wangu mpaka. Na wala sikuwa mpakani! Nilikuwa Kaloleni, nyuma ya vyoo vya shule, namumunya ubuyu.

Niko kidato cha tatu na kipaji changu ni kimoja tu: kuiga sauti za wazee. Mwalimu wa nidhamu, mchungaji, baba wa yeyote. Mwalimu akimpigia mzazi simu, mara nyingi mzazi huyo ni mimi.

Mshikaji mwenyewe ni Saning'o, tulikaa dawati moja. Kwao Oldonyo Sambu, baba yake ana mbuzi na msimamo mkali. Akatokea jamaa mmoja anajiita Anko, viatu vinang'aa, akamwahidi kazi ya hoteli Nairobi, na shule ya jioni juu yake.

"Oya, mzee akijua ataninyonga," Saning'o akaniambia. "Wakiuliza mpakani natoa namba yako. Nimekusevu Baba."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikafanya mazoezi! Mzee wake hukohoa kwanza, kisha anasema "sikiliza wewe".

Jumanne, mapumziko, simu ikaita.

"Shikamoo baba." Sauti ya mama mtu mzima. Askari wa mpakani, Namanga.

"Marahaba, mwanangu." Mwanangu! Dah, nilikuwa na wazimu.

Akauliza kama ninamjua anayesafiri na kijana wangu. Nikakohoa. "Sikiliza wewe, huyo ni mjomba wake. Waache waende."

Kumbe yule mama alikuwa makini. "Samahani baba, kijana ana alama gani mwilini?"

Ningesema sijui, basi! Saning'o angeshushwa kwenye gari, angerudishwa kwao, angechapwa, yangeisha. Lakini niliona nikishindwa swali nitaaibika mbele ya wana wa darasani walionizunguka. "Kovu chini ya goti la kushoto. Alipigwa teke na punda." Nililijua kwa sababu nimemtania nalo miaka miwili.

"Asante baba, ubarikiwe."

Wana wakanipigia makofi.

Wiki ya tatu Saning'o akapiga kwa simu ya kuazima, ananong'ona. Hoteli hakuna. Kuna ghala, wanafungasha mizigo kutwa nzima, mlango unafungwa kwa nje, simu yake kachukua Anko. Akanitajia mtaa. "Nikisema nataka kurudi, ananiambia baba yako mwenyewe aliruhusu. Oya, waambie..."

Ikakatika. Haijapatikana tena mpaka leo.

Na mimi nikafanya nini? Nikanyamaza siku nne! Niliogopa kufukuzwa shule.

Siku ya nne nikasikia baba yake yuko ndani. Alikwenda kuripoti mwanawe kapotea, polisi wakauliza mpakani, wakajibiwa kuwa mzazi aliruhusu kwa simu. Wakamgeuzia kibao: "Mzee, umemuuza mtoto halafu unakuja kulia hapa?"

Nikaenda kituoni, nikasema yote, pamoja na mtaa. Afande hakuniamini. "Wewe dogo? Wewe ndiye baba?" Akamleta mzee, akamsimamisha mbele yangu. "Haya, irudie hiyo sauti."

Jamani! Nikakohoa. "Sikiliza wewe, huyo ni mjomba wake. Waache waende."

"Hiyo ni sauti yangu," mzee akasema, taratibu, kama anamtambua maiti.

Wakamwachia. Wakawasiliana na wenzao wa Nairobi, ghala likapatikana: magodoro na kufuli, watu hakuna. Majirani wakasema wamehamishwa juzi. Juzi! Nilikuwa nimeshajua mtaa, nimekaa darasani nachora vibonzo!

Sasa kila Ijumaa mzee anakuja geti la shule kuuliza kama simu yangu imeita. Nampa shikamoo. Haitikii. Anasubiri tu jibu, kisha anaondoka.

Nyie mnaojiona wachekeshaji, nisikieni. Msiwe wazazi wa mtu kwenye simu. Askari anayeuliza maswali mengi si mnoko, pengine ndiye mtu wa mwisho aliyesimama kati ya mwenzako na kufuli. Na kama umeshaharibu, sema siku ileile.

Mtu mzima akikupa shikamoo kwenye simu, mwambie ukweli: una miaka kumi na sita.