Uso wa Wifi Kwenye Simu

Mbukwenyi, ndugu zangu. Muuguzi ameniomba niwaeleze nilivyopigwa na kiharusi mpaka nikasimama tena, niwape moyo ninyi mnaosubiri kupimwa presha. Nitasema yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa na maradhi mawili: kiharusi, na wivu.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa mizabibu, kule Mkonze. Shamba ni la mume wangu, Yona, lakini makasi yalikuwa yangu. Kupogoa mizabibu si kukata kuni, jamani. Ukiacha macho mengi kwenye tawi, yale yanayochipua, mti unachoka, ukikata mno huvuni kitu. Watu walikuja kunitazama nikipogoa, nami nilijisikia, sikatai. Na kwetu nyumbani aliyepogoa ndiye mwenye sauti shambani.

Asubuhi moja namimina chai, chai ikamwagika mezani na mimi natazama tu. Mkono wa kulia haunisikii. Nikataka kumwita Yona, likatoka neno la kilevi. Mdomo ukaenda upande, mate yakachuruzika, mkojo ukanitoka nimesimama. Jirani akasema nimerogwa, nipelekwe kwa mganga. Yona akamjibu, "Mganga atatukuta hospitali," akanipakia kwenye gari.

Daktari alipima presha, akaguna. "Mama huyu hajawahi kupimwa?"

"Hajawahi kuumwa hata kichwa," Yona akasema.

"Ndiyo presha hiyo, baba. Haipigi hodi."

Niliporudi nyumbani nilikuwa wa kugeuzwa na kuoshwa. Aliyenigeuza na kuniosha ni wifi yangu Foibe, dada yake Yona. Alikuwa na duka la vitenge Chang'ombe, akalifunga, akaja kunihudumia. Sikuwahi kusikia akiguna hata nilipochafua shuka. Msimu wa kupogoa ulipofika, akachukua na makasi yangu. Mwanamke wa dukani!

Jioni Yona anakula ugali na mlenda, anamsifia mbele yangu. "Foibe ana mkono mwepesi, bwana! Safu zimenyooka." Mimi uji unanitoka pembeni ya mdomo. Nikaona wivu. Ningekuwa na nguvu ningemrushia kibakuli. Niliwaza jambo moja tu: akimaliza safu zote, msimu ujao nani atanirudishia makasi yangu?

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa akija na kipira, ananiambia, "Kibinye, mama." Nikibinye kwa lipi? Mpira haujaniudhi. Siku zikapita, mkono umelala tu.

Miaka ile nchi ilishafungua soko kwa bidhaa za nje, simu za Kichina zimejaa mjini, leo hii kesho ile. Foibe alikuwa na moja ya ajabu. Huibonyezi kupitisha picha. Unaiweka kiganjani, unaiinamisha kushoto au kulia, picha inapita yenyewe. Kipya kinyemi, majirani walikuwa wanapanga foleni kuiinamisha.

Alasiri moja akanijia kitandani. "Wifi, nimekuletea shamba lako ulione." Akaifunga simu kwenye kiganja changu cha kulia kwa kipande cha kitenge, isidondoke. Mara hodi nje, akatoka.

Nikabaki na ile picha. Nani kwenye picha? Foibe! Kasimama kwenye safu yangu, kofia yangu kichwani, makasi yangu mkononi, meno yote nje. Na kichwa chake kimeziba mizabibu! Mimi nataka kuona matawi, kayakata vipi, kaacha macho mangapi. Mkono wa kushoto nimeulalia, siwezi kuuchomoa. Nikaukazia macho mkono wa kulia. Nikauambia, niondolee huyu mtu.

Jasho likanitoka. Bega likauma. Kiganja kikacheza kidogo, simu ikainama, picha ikapita.

Iliyofuata? Foibe tena! Nikaiinamisha kwa hasira. Foibe na ndoo. Nikaiinamisha. Foibe anacheka na Yona.

Aliporudi alinikuta natweta. Akapiga kelele, "Wifi! Mkono umecheza!"

"Una picha ngapi za uso wako?" nikamwuliza, ulimi mzito. Akacheka mpaka akaketi sakafuni, kisha akalia.

Mtaalamu alipoona alichukua kipira chake akakitia mfukoni. "Simu ibaki," akasema. Foibe akaniachia, yeye akawa anaazima ya kaka yake. Kila siku nikawa namfukuza kwenye kioo: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kiganja kikarudi kwanza, kisha kidole gumba, kisha vingine kwa shida. Kulikuwa na siku nilirudi nyuma, nikalia machozi.

Siku nilipoweza kufunga kitenge changu mwenyewe, nikamwambia Yona anishike mkono twende shambani. Nilijua kazi imekwisha. Tukapita safu baada ya safu, zimepogolewa, na zimepogolewa vizuri, Mungu anisamehe. Tulipofika ya mwisho nikashangaa. Matawi yametanda ovyo, haijaguswa.

"Nilimwambia amalize, muda unapita," Yona akasema. "Akagoma. Alisema hii ni ya wifi, hata isipozaa haiguswi, na makasi yatamngoja hapa hapa." Na kweli, makasi yalikuwa yananing'inia kwenye waya. Nikakata tawi la kwanza kwa mkono wa kulia, nikakata la pili.

Basi ndugu zangu, pimeni presha hata kama hamuumwi, na vidonge msiviache mkijiona wazima. Mgonjwa wenu msimwonee huruma tu, mtafutieni kitu anachokitaka, hata kama anakitaka kwa hasira. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari na yule mtaalamu, namshukuru Yona.

Na Foibe. Siku ile nililia kwenye ile safu, Yona akadhani ni furaha. Ulikuwa wivu, tena kuliko wa siku zote. Maana najijua. Angeugua yeye nikapogoa mimi, ningezimaliza zote.