Unga Ndani ya Boti

Ahimidiwe Mungu, aliyenifikisha uzeeni nikiwa bado na kumbukumbu.

Juzi hapa Kasulu nilimwona fundi wa pikipiki akinyunyiza unga wa muhogo kwenye injini, aone mafuta yanavujia wapi. Nikamkumbuka baba, aliyekuwa fundi wa boti kule ziwani, Kigoma.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, nilikuwa naye kazini. Boti ilinuka dizeli na dagaa, na maji yalikuwa yakiingia. Abiria walikwisha kupanda na magunia yao.

"Ni mbao tu zinazovuja," nahodha alisema. "Tutachota maji njiani. Washa!"

Baba alikausha sakafu kwa matambara, kisha akatawanya unga kote. Nilishtuka. Nyumbani tulikatazwa kutambikia mizimu, na sasa baba mwenyewe, mwalimu wa dini, alikuwa akililisha ziwa! Nikaanza kumwombea kimoyomoyo.

"Muha wa milimani, rudi Kasulu ukalime maharage!" nahodha alifoka.

"Nitalima," baba alijibu, akizungusha shafti ya propela kwa mkono. "Lakini boti hii haiondoki. Tazama."

Kwenye mbao unga ulikuwa mkavu. Chini ya shafti, penye sili, ule mpira wa kuzuia maji, ulikuwa umegeuka uji; injini ikiwaka, maji yangeingia kwa kasi zaidi.

Nahodha akanyoosha mkono apewe ufunguo wa injini. Baba akautia mfukoni, akaketi juu ya injini, akaanza kuimba zaburi. Mama mmoja akabeba gunia lake, akashuka. Wengine wakamfuata.

Msomaji wangu, siku yako ya kukataa ikifika, Mungu akujalie kuketi vile, bila kuinuka.