Fundi wa njia anayeingia hifadhini kama mgeni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kizuizi cha lango la hifadhi kimesimama juu kama mkono wa mtu aliyesalimu amri. Kibanda cha tiketi kimefungwa kwa kufuli. Fundi wa njia anapita chini ya kizuizi akisukuma toroli lenye reki, sururu na gunia la majani makavu.

"Naingia kama mgeni," anasema. "Lango liko wazi kwa kila mtu. Au mimi si mtu?"

Leo ni siku ya arobaini na moja tangu wafanyakazi wote wa hifadhi warudishwe nyumbani bila mshahara, hadi bajeti ya serikali ipitishwe. Wageni hawakurudishwa. Wanaingia watakavyo, na kila mmoja anataka kufika kwenye chemchemi za mlimani kwa njia fupi kuliko ya mwenzake.

Fundi ana miaka hamsini na mitatu, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia kwenye mlima huu. Wenzake humwita Ngazi, kwa kuwa ndiye aliyepanga vidato mia tatu na kumi na viwili vya mawe kutoka langoni hadi juu. Sare aliirudisha ofisini siku ile ile waliyorudishwa nyumbani, imefuliwa na kupigwa pasi. Toroli hakulirudisha. Ni lake.

Chemchemi zilikuwa mbili. Wiki ya kwanza tu, watu walikata kona wakapita kwenye nyasi, wakasimama kwenye ukingo laini wapige picha, na ukingo wa ile ya chini ukaporomoka. Leo ni tope lenye ndala moja iliyonasa katikati. Imebaki ya juu.

"Na hii ikienda, hakuna bajeti itakayoirudisha," anasema.

Hafichi kwamba naye aliboronga. Alipoona uharibifu ule alikata miiba, akaziba njia ya panya iliyokuwa ikielekea chemchemi ya juu. Kufika Jumapili, wageni walikuwa wameizunguka miiba kulia na kushoto. Njia moja ikazaa mbili.

"Miaka ishirini na miwili kazini, nikafanya kosa la mtu aliyeanza jana. Ukiziba mahali, umemtangazia mtu kwamba kuna kitu."

Sasa hazibi, anaficha. Anaburuta gogo bovu na kulilaza kama lililoanguka lenyewe. Anapandikiza mashina ya nyasi pale jicho linapoanza kuiona njia ya mkato, anafuta nyayo kwa reki, anamwaga majani. Kisha anaifyeka njia halali hadi iwe nyepesi kuliko ya mkato. Mtu hafuati kibao, anasema, anafuata wepesi.

Si wote wanaodanganyika. Juzi wanaume wanne walifika na gari, wakitaka kulipandisha kwenye nyasi mpaka juu. Ngazi akalaza toroli katikati ya njia, akakaa juu yake.

"Mzee, kwani wewe nani hapa?" dereva akamuuliza.

"Mgeni, kama wewe."

"Basi tupishe, mgeni mwenzetu."

"Nimechoka, kaka. Napumzika. Na mimi nikipumzika huwa napumzika sana."

Walipiga honi, wakamtukana, wakamcheka. Baada ya nusu saa wakapanda kwa miguu, kwenye vidato vyake.

Kinachomnyima raha si hao. Msimamizi wake alimpigia simu wiki iliyopita: amesikia kuna mtu anafanya kazi hifadhini kinyume cha agizo, na mtu huyo akijulikana, jina lake halitakuwamo kwenye orodha ya watakaorudishwa kazini. Ngazi alimjibu kwamba akimwona mtu huyo atamfikishia salamu.

Mkewe, ambaye ni mshonaji na ndiye anayelisha nyumba kwa sasa, hakucheka aliposimuliwa. Alimwambia akae nyumbani, kazi ikipotea ataishi na hayo maji? Usiku ule walilala kila mtu na ukuta wake. Asubuhi alikuta gunia lake la majani limeshonwa pale lilipokuwa limechanika.

"Nikalipakia kwenye toroli," anasema Ngazi. "Nikaja."

Jua limeanza kuchoma. Anamaliza kipande cha mwisho akirudi kinyumenyume, reki mbele yake, akifuta nyayo zake mwenyewe.

Mpango wake ni mmoja. Siku ofisi itakapofunguliwa, atamshika msimamizi mkono, ampandishe mpaka hapa, amwambie atafute njia ya panya iko wapi.

"Akiiona, anifukuze palepale, sitabisha," anasema. "Asipoiona, basi ajue kuna mtu alikuwa kazini."