Tope la Boila

Leo fundi bomba alipofungua boila yangu, harufu ya kutu iliyolowa ilijaa jikoni, nami nikawa tena msichana mdogo katika ile nyumba kuukuu ya mtaa wa Berea, ugenini, tulikofikia baada ya kukimbia vita Kongo.

Boila ya nyumba ile, tangi la kuchemshia maji kwa umeme, ilikaa nyuma ya ukuta wa jikoni. Kila maji yalipopata moto ilibisha, ngo, ngo, ngo, kisha ikanguruma kama mtu anayesema akiwa chini ya maji. Mama aliacha kutwanga majani ya muhogo ya sombe, akaegemeza shavu ukutani na kunong'ona, "Niko hapa, mwanangu." Mdogo wangu alikuwa amefia njiani, msituni, tukamwacha bila kaburi.

"Iko tope ndani," baba alimwambia. "Ni hilo linagonga."

Jumamosi moja mchana alizima umeme, akafungua koki ya chini. Tope likatoka zito, jekundu, lenye uvuguvugu kama wa mwili, likajaa ndoo. Alipowasha tena, maji yalichemka kimya.

Mama alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaigeukia ndoo.

"Utammwaga wapi?" aliuliza.

Baba akachukua jembe, akachimba shimo uani. Mama alipiga magoti, akalichota lile tope kwa viganja na kulishusha taratibu, mpaka ndoo ikabaki tupu. Ndipo akataja jina la mdogo wangu, ambalo hakuna aliyelitamka tangu tuvuke mpaka. Baba akavua kofia.