Mvua Niliyoifunga Isevya

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliizuia mvua isinyeshe Tabora. Cheka tu, msomaji. Kisa hiki nimeshawachekeshea watu kwenye stesheni ya Ndola, kwenye nyumba za wageni za Kampala, na melini Ziwa Tanganyika nikiwa nimekalia marobota yangu ya vitenge. Kila ninapokwenda nakisimulia, nakitia chumvi, na mara nyingine nauza kitenge hapo hapo. Ila huwa naishia katikati, pale panapochekesha. Leo nitakwenda mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Tulikaa mtaa wa Isevya: baba yangu Maganga, mama, bibi mzaa baba, na mimi. Mwaka ule mvua za mwezi wa kumi na moja zilikawia. Afadhali kungekuwa kukavu tu, watu wakajua moja. Mawingu yalikuwepo. Yalianza kujilundika adhuhuri, yakawa meusi kama masizi, ngurumo zikasikika upande wa Ulyankulu, upepo ukanyamaza, na fukuto likatukalia kifuani kama mgeni mnene asiyeaga. Kisha jioni mawingu yakaondoka bila kudondosha tone. Chumvi ilitoa maji ndani ya kopo. Kuku walitembea midomo wazi. Watu wazima waligombana kwa mambo ya kitoto. Mama yangu, mwanamke mpole, aligombana na jirani juu ya kivuli cha ukuta.

Kila mtu aliomba. Waislamu waliswali uwanjani, Wakatoliki walitembea na msalaba mpaka bondeni, Wamoraviani waliimba mpaka sauti zikawakauka. Nilimwonea Mungu huruma. Nilimfikiria kama karani wa bomani aliyejaziwa barua mezani, hajui aanze na ipi.

Katika Isevya nzima mtu mmoja tu hakuiombea mvua, naye ni baba. Baba alikuwa anafyatua matofali. Kule bondeni alikuwa na maelfu ya matofali mabichi, ameyapanga safu kwa safu na kuyafunika kwa nyasi, akisubiri mkokoteni wa ng'ombe ulete kuni kutoka msituni ili ayachome. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa anayangoja. Mvua ingenyesha kabla tanuri halijawashwa, yote yangerudi kuwa tope.

Na matofali yale hayakuwa matofali tu. Baba aliondoka nikiwa tumboni, akaenda kuwa manamba, kibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na toka mkonge akachukuliwa vitani. Aliporudi nilimkimbia nikidhani ni mwizi. Nilipomzoea, nikamzoea kupita kiasi. Nilimfuata kila mahali kama mbuzi aliyelelewa ndani. Mama alinieleza siku moja, bila kupamba: "Matofali haya ndiyo yanayomweka baba yako hapa. Yakiharibika, anarudi mkonge." Toka siku hiyo kila wingu nililiona kama mtu anayekuja kumchukua baba.

Sasa, kwetu kuna jambo linalojulikana na kila mtu. Mvua ikichelewa, wa kwanza kuangaliwa ni mfyatua matofali, maana ndiye anayefaidika na jua, na mtu anayefaidika na jua hakosi kulitafutia dawa. Mwanzoni ulikuwa utani. Watu walimpita baba bondeni wakimuuliza, "Habari za jua lako, Maganga?" naye akijibu kuwa halijambo, linawasalimu. Baadaye wakawa wanapita bila kuuliza.

Mchana mmoja bibi alikuwa anabangua karanga, nikamuuliza kama kweli mvua inafungika. Bibi aliniita mke mwenzake, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na alipenda kuulizwa. Akanieleza kuwa watu wa zamani walichukua chungu kipya kisichowahi kuonja moto, wakakifudikiza chini, juu yake wakaweka kamba yenye mafundo saba. Hapo mvua ilikwama. "Lakini sikiliza, mke mwenzangu," akasema, "anayeifunga mvua, siku ikifunguka huanzia kwake."

Mimi nilisikia nusu ya kwanza. Nimekuwa hivyo maisha yangu yote. Mume wangu wa kwanza pia nilimsikia nusu.

Kesho yake saa saba mchana, fukuto limewalaza watu wote kama samaki wa kukaushwa, nilichukua chungu kipya cha bibi na kipande cha kamba ya katani ambayo baba alirudi nayo. Nikaenda bondeni, nyuma ya mahali pa tanuri. Nikafudikiza chungu. Nikapiga mafundo saba.

Hapa lazima nieleze juu ya fundo. Babu yangu, ambaye sikumwona, alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo, na kurudi amebeba nguo, mara nyingi hata yeye mwenyewe akapoteza hesabu. Pembe zote zile hazikutuachia hata kifungo. Alichotuachia ni fundo. Lilikuwa fundo la kufungia mzigo: kadiri mzigo unavyotikisika njiani ndivyo linavyokaza, na asiyelijua atavunja kucha. Anayelijua huvuta ncha moja tu, na mafundo yote yanafunguka kwa mkupuo. Babu alimfundisha baba, na baba, mwaka ule aliporudi, ili nisimkimbie tena, alinikalisha mbele yake akanifundisha mimi. Hakuna mwingine Isevya aliyelijua.

Nilipomaliza niliitazama mbingu nikasema, "Subiri baba amalize." Nikarudi nyumbani nikalala vizuri.

Na mvua, rafiki yangu, ikasubiri. Siku moja, tatu, wiki. Mawingu yanakuja, yananguruma, yanaondoka. Nilianza kutembea Isevya kama mke wa gavana. Watu wananuna, visima vinakauka, mbegu za karanga zinasubiri kwenye vikapu, na mimi natabasamu. Bibi alikitafuta mno chungu chake. Mimi nilimsaidia kukitafuta.

Kilichoniponza ni mdomo, ule ule ninaouzia vitenge. Asubuhi moja tulikuwa kwenye foleni ya kisima, wanawake na madebe yao, maji yanatoka kwa kukwangua. Tatu, binti wa jumbe wa mtaa wetu, aliniambia mbele ya wote kwamba mvua ya kwanza ikinyesha baba yangu atarudi Tanga kuwa manamba.

Ningeweza kumtukana, maana matusi nilikuwa nayo. Nikasema, "Mvua hainyeshi mpaka baba yangu aseme. Imefungwa. Chungu kiko nyuma ya tanuri."

Nilijua nimekosea kwa kusikia madebe yakiwekwa chini, moja baada ya jingine. Hakuna aliyenipigia kelele. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alinipisha nichote maji kwanza, na hilo ndilo lililonitisha.

Alasiri jumbe alikuja bondeni na watu wapatao thelathini. Baba alikuwa anageuza matofali ili yakauke upande wa pili. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye kaptula yake ya jeshi, akatoa shikamoo, na jumbe akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuja kwa jambo jingine. Mama na bibi walikuwa wameshafika. Mimi nilijibanza nyuma ya mama.

Hawakutafuta sana. Kijana mmoja alizunguka nyuma ya tanuri akaita. Chungu kilikuwepo, na kamba juu yake.

Jumbe, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimuuliza baba chungu kile ni cha nani. Baba alikiangalia chungu. Kisha akaiangalia kamba, muda mrefu zaidi. Kisha akainua macho akanitafuta katikati ya nguo za mama, akaniona.

"Ni changu, jumbe," akasema.

Watu wakavuta pumzi. Jumbe alijaribu kuyafungua yale mafundo, yakamshinda. Akampa mwingine, naye yakamshinda. Mtu akasema ikatwe kwa kisu. Mwingine akakataa, akasema fundo la mvua likikatwa mvua nayo hukatika. Wakabaki wanaiangalia kamba kama nyoka.

Baba angeweza kusimama na kusema halijui fundo lile. Nimelifikiri jambo hili katika miji mingi. Badala yake alinyoosha mkono, akasema, "Lete." Akashika ncha moja, akavuta. Mafundo saba yakafunguka kwa mpigo, kamba ikaning'inia mkononi mwake imenyooka, na watu thelathini wakarudi nyuma hatua moja. Walichokuwa wanakishuku sasa walikuwa wamekiona kwa macho yao.

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Bibi akanishika bega, akainama sikioni. "Mwache baba yako aubebe mzigo huu," akasema. "Wewe shingo yako bado nyembamba." Hakuwahi kuniuliza tena habari za chungu chake.

Jumbe aliamuru nyasi ziondolewe juu ya matofali, mvua isione kuna aliyejikinga nayo. Baba aliziondoa mwenyewe, safu kwa safu, na watu walisimama kumwangalia mpaka akamaliza. Siku ile haikunyesha. Ya pili haikunyesha, na kwa muda nilidhani tutapona, maana mkokoteni ulikuwa umeleta shehena ya kwanza ya kuni. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, upepo ulitoka upande wa Ulyankulu ukinuka udongo, na mvua ikaja yote kwa mara moja, ile iliyokuwa inadaiwa tangu mwanzo wa mwezi.

Isevya nzima ilipiga vigelegele. Watu walitoka nje wakaloa na nguo zao. Tatu alicheza matopeni. Mimi nilikimbia bondeni nikamkuta baba amesimama katikati ya safu zake, hakimbii, hafuniki. Matofali yalianza kulegea pembeni, kama mtu anayesinzia, halafu yakaegemeana, halafu hukuweza kusema hili ni tofali na hili ni jingine. Kulikuwa na moja ambalo nilikuwa nimelibonyeza kwa kidole gumba likiwa bichi, na baba akaniahidi kulipanga mbele ya nyumba ya yule mfanyabiashara ili watu wakipita wanione. Nililitafuta kwa macho. Sikulipata.

Akanibeba mgongoni turudi nyumbani. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kutembea, na sote wawili tulijua.

Alijaribu tena kiangazi kilichofuata, lakini nani atanunua matofali kwa mfunga mvua? Hata wasioamini hawakutaka ugomvi na majirani wanaoamini. Akajiandikisha tena manamba. Wakampa blanketi na fulana nzito, tukamsindikiza stesheni. Sanduku lake la bati alilifunga kwa ile kamba ya katani, kwa lile fundo. Treni ilipoondoka nilikuwa naliangalia fundo, sikuthubutu kumwangalia yeye.

Alirudi baada ya miaka sita, na kifua kilichokuwa kinakohoa vumbi la mkonge. Bibi alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwa mchekeshaji wa ukoo. Unakuwa mwepesi wa mizaha ukiwa na kitu hutaki kuulizwa.

Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, nilipopata ubavu. Nilitoka safari ya Kampala nikamkuta amelala kitandani, fukuto la mwezi wa kumi na moja limejaa chumbani, nikawa nampepea kwa ungo. Nikamwambia kwamba chungu kile nilikiweka mimi, na niliyesema kisimani ni mimi.

"Najua," akasema.

"Toka lini?"

"Lile fundo nilikufundisha mwenyewe. Ulidhani nimelisahau?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Alikohoa kwanza, akapumzika, akanijibu bila hasira, kama mtu anayeeleza ratiba ya treni. "Mwanamume akiitwa mchawi anapanda treni. Mtoto wa kike wa miaka tisa akiitwa mchawi, anakwenda wapi?"

Nikaendelea kupepea. Baadaye akaniagiza nifungue sanduku lake, akanipa ile kamba. Alikufa kabla mvua za mwaka ule hazijaanza, na tulimzika kwenye udongo mkavu, mgumu kama tofali lililochomwa.

Mimi siamini kwamba mvua inafungwa na chungu. Nimeona miji mingi, nimeona mvua ikichelewa mahali pasipo na mfyatua matofali hata mmoja, na ikawahi mahali wamejaa. Mtoto wangu mmoja amesomea mambo hayo, ameniambia upepo unatoka wapi na mawingu yanatengenezwa na nini, na ninamwelewa. Lakini bibi alisema itaanzia kwake aliyeifunga, na kweli ilianzia kwetu.

Kwa hiyo kila mwaka, ukifika mwezi ule mawingu yanapokuja na kuondoka, na shuka linanata mgongoni, huwa nalifungua sanduku langu la safari. Naitoa ile kamba ya katani, naipitisha vidoleni kutoka ncha hii mpaka ncha ile, polepole. Haina fundo hata moja. Naikunja, nairudisha. Siamini mambo haya. Nahakikisha tu.