Basi Alilolijenga Baba

Juzi, pale Mikindani, nilipitwa na chesisi ya basi iliyotoka bandarini: injini, magurudumu na vyuma vitupu, dereva ameketi juani bila paa. Nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa seremala Changamwe, akiyajengea mabasi bodi za mbao. Chesisi ya kwanza niliyoiona kazini kwake nilidhani ni basi lililochunwa ngozi, nikalililia. Baba alicheka, akaendelea kupiga randa. Alinukia gundi na vumbi la mvule hata baada ya kuoga.

Basi hilo lilipokamilika, alinivika gauni la kanisani, tukaenda kulipanda. Mbele alikuwa ameweka viti viwili vyenye magodoro. Nilikimbilia kimoja nikaketi.

"Mtoe mwanao hapo, fundi," kondakta alisema. "Hapo ni pa Wazungu."

"Leo hakuna Mzungu humu," baba alijibu taratibu. "Na viti hivyo nimevitengeneza mimi."

"Uliambiwa uvitengeneze, hukuambiwa uvikalie. Nyuma!"

Abiria waligeuza nyuso dirishani. Baba alininyanyua, tukaenda kukaa kwenye benchi la mwisho, penye moshi na mtikisiko.

"Huku ndiko kuzuri, mwanangu," aliniambia. "Unawaona watu wote."

Nilimwamini. Jioni, tulipokuwa tukila, nilimsimulia mama kwa furaha jinsi baba alivyotuchagulia mahali pazuri kuliko pote. Mama alimtazama. Baba alinawa mikono, akatoka nje, nami nikafurahi kuachiwa samaki wake.